Mkia wa Kiluwiluwi Ulikwenda Wapi?

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la tano, fomu ya ukaguzi magotini, tukimsikiliza mwanachuo mmoja akifundisha maisha ya chura. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Ubaoni alikuwa ametundika chati aliyoichora kwa siku mbili: mayai ndani ya ute, kiluwiluwi mwenye mkia, kiluwiluwi aliyeota miguu, na chura mzima. Mishale minene myekundu ilitoka picha hadi picha. Wanafunzi waliitaja hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kwa pamoja na kwa sauti ya kupendeza.

Ndipo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mkia wake ulikwenda wapi?"

Mwanachuo akaitazama chati yake. Baina ya picha ya tatu na ya nne palikuwa na mshale tu. Akasema, "Swali zuri. Tutaliona baadaye." Kisha akaandika zoezi ubaoni, na kengele ikalia.

Tulimpa alama nzuri. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya zana za kufundishia, nayo zana ilikuwepo, kubwa na ya rangi. Haikuwa na nafasi ya swali la mtoto. Twakiri kwamba kosa la siku ile lilikuwa letu kuliko lilivyokuwa la mwanachuo, kwani yeye alitenda tulivyomfundisha: kuonyesha mwanzo, kuonyesha mwisho, na kuunganisha kwa mshale.

Katika makala haya tunataka kudai kwamba sehemu kubwa ya elimu imo mle ndani ya mshale, na kwamba ipo sanaa moja inayoweza kutufunza namna ya kuingia humo. Sanaa hiyo ni ile ya filamu za michoro, ambayo siku hizi huitwa uhuishaji. Tutaitazama hasa kupitia kazi ya Mwafrika mmoja aliyetengeneza filamu fupi kwa mikono yake, na ambaye, kwa bahati njema, alipenda sana kuchora vyura.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Uhuishaji ni kukitia mwendo kitu kisichojiendea. Msingi wake ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutenda. Utepe wa filamu yenye sauti hupita mbele ya taa ya projekta kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Kila picha imesimama. Hakuna hata moja inayotembea. Ni jicho na ubongo wa mtazamaji vinavyoziunganisha picha hizo vikaona mwendo. Mara nyingi mchoraji hukipiga kila kichoro picha mbili, hivi kwamba vichoro 12 hutosha kwa sekunde moja. Hebu tupige hesabu: filamu ya dakika tano itahitaji vichoro 3,600.

Sasa, katika chura anayeruka kutoka jiwe hadi jiwe, kichoro cha kwanza ni rahisi: chura amechutama. Cha mwisho nacho ni rahisi: chura amechutama kwenye jiwe la pili. Kazi yote imo katikati. Je, miguu ya nyuma hunyooka kabla mwili haujapaa, au baada yake? Mikono huwa wapi akiwa hewani? Ni kiungo gani kinachogusa jiwe kwanza? Mchoraji asiyeyajua hayo hawezi kuyaficha. Akiruka hatua, jicho la mtazamaji litaona mruko wa picha badala ya mruko wa chura. Sanaa hii haina mshale mwekundu wa kumsitiri mtu.

Moustapha Alassane alizaliwa nchini Niger mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015. Kwa mafunzo yake alikuwa makanika. Kabla hajasomea sinema alikuwa amekwisha jaribu mwenyewe kukata picha na kuzimulika ili vivuli vyake vionekane mbele ya watu. Mjini Niamey alikutana na Mfaransa Jean Rouch, mtengenezaji mashuhuri wa filamu za maisha na desturi za watu, akajifunza kwake matumizi ya kamera. Baadaye akapata nafasi ya kwenda Kanada kujifunza kwa Norman McLaren, ambaye tutamrudia.

Mwaka 1965 Alassane alitoa La Mort de Gandji, inayohesabiwa miongoni mwa filamu za kwanza kabisa za michoro kutengenezwa na Mwafrika wa kusini mwa Sahara. Mwaka 1966 ikafuata Bon Voyage, Sim. Humo twamwona rais wa jamhuri ya vyura akisafiri kwa fahari kuitembelea nchi jirani, na arudipo anakipoteza kiti chake. Filamu hiyo ni ya dakika chache tu, lakini watu wazima wa nchi zilizokuwa zimepata uhuru karibuni hawakuhitaji kuelezwa inamsema nani. Mwaka 1977 alitoa Samba le Grand, akitumia wanasesere katika kusimulia hadithi ya kale. Na mwaka 2001 akatoa Kokoa, ambamo wanasesere wa vyura na wanyama wengine wanapigana mieleka ya jadi, mchezo upendwao mno nchini Niger.

Tuziangalie mbinu zake mbili. Ya kwanza ni kichoro juu ya kichoro: karatasi moja, chura mmoja, badiliko dogo, kisha karatasi nyingine. Ya pili ni ya mwanasesere. Mwanasesere wa uhuishaji hutengenezwa ili kila kiungo chake kiweze kukunjwa na kubaki pale kilipoachwa. Msanii humweka, hupiga picha moja, humsogeza mkono kwa kiasi cha unene wa kidole, hupiga nyingine. Mieleka ya nusu dakika yaweza kumla siku nyingi. Alassane hakuwa na jeshi la wachoraji kama yalivyo makampuni makubwa ya Marekani. Alikuwa na waya, kitambaa, rangi, taa, kamera, na ufundi wa makanika aliyezoea kujiuliza kila sehemu inasukuma sehemu gani. Mwaka 2009 ilipotengenezwa filamu ya kueleza maisha yake, jina lake la Kifaransa lilimwita mwanasinema wa yanayowezekana. Twaona jina hilo lingemfaa pia mwalimu wa shule ya msingi.

Na kwa nini vyura? Yeyote aliyejaribu kuchora atakubali kwamba chura ni rafiki wa mhuishaji. Umbo lake hukamilika kwa mistari michache. Mwendo wake una vituo vilivyo wazi: kuchutama, kujikusanya, kuruka, kutua. Uso wake una macho na mdomo mpana, navyo vyatosha kuonyesha kiburi, hofu na njaa. Isitoshe, mtoto wa Niger amemwona chura, kama vile amemwona mtoto wa Morogoro au wa Kisumu. Msanii alianza na kile ambacho watazamaji wake wanakijua, naye mwalimu hafundishwi kanuni nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Tumrudie sasa McLaren. Alizaliwa Stirling, Uskoti, mwaka 1914. Mwaka 1941 akajiunga na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, na akafariki mwaka 1987. Alisifika kwa kutengeneza filamu bila kamera: alichora kwa wino juu ya utepe wa filamu wenyewe, picha baada ya picha, kila moja ndogo kuliko stempu. Katika Blinkity Blank, ya mwaka 1955, alichukua utepe mweusi akaukwaruza kwa ncha kali, na sehemu nyingi za utepe huo akaziacha tupu kabisa. Picha chache hutokea, giza hupita, kisha picha nyingine hutokea. Na jicho la mtazamaji huujaza utupu ule kwa mwendo ambao haukuchorwa. Katika Neighbours, ya mwaka 1952, aliwachukua watu halisi akawafanya kama wanasesere: walisimama, wakapigwa picha, wakasogea kidogo, wakapigwa tena, hata wakaonekana wakiteleza juu ya majani bila kuinua mguu. McLaren alishikilia kwamba linalotokea baina ya picha na picha lina uzito kuliko lililomo ndani ya picha yoyote.

Jambo moja katika uhusiano wa watu hawa wawili latuhusu sana sisi wa vyuo vya ualimu. Alassane alirudi kutoka Kanada na hakukwaruza utepe. Alirudi akachora vyura wa Niger, kwa mambo ya Niger, na baadaye akageukia wanasesere. Alichokipata kwa mwalimu wake ni jicho la kuuona mwendo vipande vipande, nalo jicho hilo akalitumia alivyotaka mwenyewe. McLaren hakumrudisha Afrika akiwa McLaren mdogo. Ni wangapi miongoni mwetu wakufunzi tunaoweza kusema hivyo juu ya wanachuo wetu, ambao twawakagua kwa kutazama jinsi wanavyotuigiza?

Tena McLaren alikuwa mwalimu hata nje ya studio yake. Mwaka 1949 UNESCO ilimtuma katika mkoa wa Sichuan, Uchina, kufanya kazi na wasanii wa huko katika elimu ya afya vijijini. Hakwenda kuwaonyesha watu filamu za Kanada. Alikwenda kuwafundisha wenyeji kutengeneza mabango, picha na michoro yao wenyewe, kwa vifaa vilivyopatikana na kwa mambo ya kijiji chao. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka kuisisitiza: kumwonyesha mtu picha inayotembea ni jambo moja, na kumfundisha kuitembeza ni jambo jingine.

Watoto wetu wa leo si wageni wa filamu za michoro. Tangu mwaka 2014 wamezipata hata kwa Kiswahili kupitia kipindi cha Ubongo Kids kilichotengenezwa Tanzania, na wengi huzitazama kwenye simu za wazazi. Hatuna ugomvi na hayo. Kipindi kizuri kina manufaa yake. Lakini mtoto anayetazama amepewa mwendo uliokwisha kamilika. Kila swali la katikati limekwisha kujibiwa na mtu mwingine, tena kwa kasi ambayo yeye hawezi hata kutambua kwamba palikuwa na swali. Anayechora vichoro 12 vya sekunde moja hulazimika kuyajibu maswali yote hayo yeye mwenyewe.

Tena jambo hili halihusu chura peke yake. Mwalimu wa darasa la kwanza huandika herufi "a" ubaoni, nzuri na kubwa, kisha huwageukia watoto na kusema, "Andikeni." Mtoto ameiona herufi iliyokamilika; hakuuona mwendo wa mkono, kwani mgongo wa mwalimu uliuziba. Basi huianzia mkiani, au huizungusha kinyume, naye husahihishwa kwa mkasi wa kalamu nyekundu. Mwalimu wa hesabu huandika 43 kutoa 17 na jibu 26. Kule kuvunja kumi moja kuwa mamoja kumi, ambako ndiko kiini cha somo, hupita kwa neno moja, "tunakopa". Mwalimu wa sayansi huonyesha maharage makavu na mche wa maharage. Katika kila mfano huo pana picha mbili na mshale, na ndani ya mshale mna mtoto aliyepotea. Tena, tuseme kweli, mara nyingi mshale ndipo mahali mwalimu anapofichia asichokijua. Hata sisi hatukujua kwa yakini, siku ile nyuma ya darasa, mkia wa kiluwiluwi ulikwenda wapi.

Baada ya kulitafakari jambo hili, tulijaribu somo lile lile upya pamoja na kundi la wanachuo katika shule ya mazoezi. Tunaueleza utaratibu wake kwa kirefu, kwa kuwa mwalimu mtarajiwa hafaidiki na sifa za mbinu asiyoweza kuitenda.

Kwanza ni kuangalia chenyewe. Viluwiluwi waliletwa darasani katika chombo cha kioo chenye maji ya bwawani na majani yake. Hapa tunatoa onyo: wanafunzi wasitumwe kuingia bwawani, kwa sababu ya kichocho na hatari ya kuzama. Mwalimu ndiye achote, kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, tena pasipo kuyagusa maji. Chombo kiwekwe kivulini, maji yabadilishwe kwa ya bwawani au ya mvua, na kazi ikiisha viumbe warudishwe walikotoka. Kukua kwao huchukua wiki kadhaa kwa kutegemea aina yao na joto la maji, kwa hiyo somo hili lapasa kuonekana katika azimio la kazi mapema. Kila baada ya siku chache wanafunzi huchora wanachokiona na kuandika tarehe.

Pili ni kugawana kazi. Darasa lilikuwa na watoto 60, idadi ambayo kwa kawaida tunailalamikia. Karatasi nane za daftari, kila moja ikikatwa vipande vinane vilivyo sawa, zilitoa vipande 64. Vinne vikawa akiba. Kila mtoto akapewa kipande chenye namba, kutoka 1 hadi 60, na kila kipande kikatiwa nukta mbili katika mahali pale pale, ili miili yote ikae sawa. Kwa kasi ya vichoro 12 kwa sekunde, watoto 60 hutoa sekunde tano za filamu. Darasa la watoto 20 lisingeweza kufanya hivyo kwa kichoro kimoja kila mtoto. Ni mara chache wingi wa wanafunzi ukawa mali badala ya mzigo.

Tatu ni kuweka nguzo. Darasa zima lilikubaliana, kwa kutazama vichoro vya tarehe mbalimbali, umbo la namba 1, la 20, la 40 na la 60. Hizo zikachorwa kwanza. Kisha mwenye namba 10 akaiweka namba 1 na namba 20 juu ya kioo cha dirisha, akachora umbo lililo katikati yake. Mwenye 15 akasimama baina ya 10 na 20. Na kuendelea hivyo hadi nafasi zote zikajaa. Wahuishaji wa kazi hiyo nao hufanya vivyo hivyo. Bila kutajiwa neno la hesabu, watoto walikuwa wakitafuta nusu, na nusu ya nusu.

Nne ni kukusanya na kuendesha. Vipande vilipangwa kwa namba, vikashonwa kwa uzi ubavuni, na mtoto mmoja akavipitisha haraka kwa kidole gumba. Mara ya kwanza darasa liliangua kicheko. Kiluwiluwi alinenepa, akakonda, akanenepa tena. Miguu ya mbele ilitokea kabla ya ile ya nyuma. Namba 47 hakuwa na mkia, na namba 48 alikuwa nao, mrefu kuliko wote.

Kicheko kile kilikuwa na thamani kubwa kwetu, kwani kila kosa lilijionyesha lenyewe, na hakuna mwalimu aliyehitaji kushika kalamu nyekundu. Wenye namba 47 na 48 walikabiliana. Mmoja alidai kwamba mkia hukatika, kama wa mjusi. Mwingine akauliza: basi ukishakatika huonekana wapi, mbona chomboni hatukukuta hata mkia mmoja? Wakarudi kwenye chombo. Wakarudi kwenye vichoro vya tarehe. Wakaona kwamba miguu ya nyuma ilitangulia, ikafuata ya mbele, na kwamba mkia haukudondoka, bali ulifupika siku baada ya siku hata ukaisha. Hapo ndipo mwalimu alipopata nafasi ya kueleza kwamba mwili wa chura mchanga huumeng'enya mkia wake wenyewe na kuutumia, wakati ambapo mdomo unabadilika umbo na kiumbe huyo hali, au hula kidogo mno. Maelezo hayo yalichukua dakika mbili. Yaliingia kwa sababu yalikuwa yamekwisha kutayarishiwa mahali.

Tunajua mwanachuo atauliza nini, maana wenzake wametuuliza. Atasema kwanza kwamba muda hautoshi, na mtihani unakuja. Kazi ile ilitumia vipindi vitatu, mbali na dakika chache za kuangalia chombo asubuhi. Ni kweli kwamba chati ingemaliza kwa kipindi kimoja. Hatupendekezi kila mada ifundishwe hivi. Mwalimu atakayejaribu atashindwa kabla ya muhula kwisha. Twapendekeza achague mahali pamoja au pawili kwa muhula, pale ambapo badiliko lenyewe ndilo somo. Mahali pengine yatosha kona ya daftari: daftari la kurasa 48 lina karatasi 24, nazo zatosha sekunde mbili za mbegu kuota au mwezi kuandama hadi kuwa mpevu.

Atasema pili kwamba yeye si mchoraji. Twamjibu kwamba hilo ni heri. Mwalimu hodari wa kuchora hushawishika kuwachorea watoto, na papo hapo kazi hugeuka kuwa chati yenye kurasa nyingi. Na anayeogopa kalamu atumie mkasi. Mjerumani Lotte Reiniger, ambaye filamu yake ndefu ya vivuli ilionyeshwa mwaka 1926, alikata maumbo ya karatasi nyeusi, akaunganisha viungo vyake kwa waya, akayasogeza kidogo kidogo juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini. Au awatumie watoto wenyewe, kwa kuifuata Neighbours: wanafunzi sita uwanjani, mmoja jua, mmoja dunia, mmoja mwezi, wakisogea hatua moja kila afungapo mwalimu mikono.

Atasema tatu kwamba siku hizi simu hufanya yote hayo. Naam, simu ya mwalimu yaweza kupiga vichoro vile 60 na kuviendesha kama filamu, na watoto watafurahi. Tunamruhusu, kwa sharti kwamba simu iingie mwishoni. Ikiingia mwanzoni, nayo ikawa ndiyo inayojaza nafasi za katikati, tutakuwa tumenunua mshale mwingine, wa bei kubwa zaidi.

Hatusemi chati itupwe. Chati ni muhtasari, na muhtasari una mahali pake, yaani baada ya safari. Mwanachuo wetu alipoitundika chati yake mwishoni mwa mfululizo wa masomo, katika mwaka wake wa pili, watoto waliitazama kwa jicho jingine. Mmoja alisema mshale wa tatu ni mfupi mno. Alikuwa na haki.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda mazoezini mtakutana na wakaguzi wenye fomu, nasi tutakuwa miongoni mwao. Tumeiongeza fomu yetu mstari mmoja, kwa mkono, chini kabisa: "Ni swali gani la mwanafunzi lililobadili mwendo wa somo?" Mstari huo unatutia haya kila tunapoukuta mtupu, kwani hatujui tena kama kosa ni la anayefundisha au ni letu sisi tuliomfundisha. Mtoto yule wa dawati la nyuma amekwisha maliza darasa la saba. Hakuna aliyerudi kumjibu.